Pua Juu ya Boneti

Picha ya kwanza niliyomtumia baba ilikuwa ya gari la mtu. Ford Mustang ya 2003, toleo maalumu liitwalo Mach 1, bluu iliyokolea, imeegeshwa mbele ya mkahawa wa Wayemeni hapa Dearborn, Michigan, Jumamosi asubuhi. Bati la boneti lilikuwa limekatwa tundu katikati, na ndani ya tundu hilo kimechomoza kitu cheusi mfano wa pua. Baba ni fundi wa magari Tanga, amefungua injini tangu kabla sijazaliwa. Hakuuliza bei, hakuuliza linakimbia kiasi gani. Alinirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde chache: "Mwanangu, hiyo pua inafanya kazi au ni pambo?"

Sikuwa na jibu. Mwaka huo ulikuwa 2013, nimeshakaa Marekani miaka minne, nanyoosha bodi na kupiga rangi kwenye gereji, na magari ya namna hiyo yalikuwa yakipita mikononi mwangu kila mara. Nilijua kuoanisha rangi hadi jicho lisione kiraka kimeanzia wapi. Swali la baba sikuwahi kujiuliza. Jumamosi iliyofuata nikarudi pale mkahawani, nikaagiza kahawa ya tangawizi inayofanana sana na ya kwetu, nikamsubiri mwenye gari.

Huyo mzee alikuwa mstaafu wa kiwanda kilichounganisha Mustang papa hapa Dearborn, kuanzia ya kwanza kabisa mwaka 1964 hadi uzalishaji uliposimama Mei 2004 na gari jipya la 2005 likahamia Flat Rock. Hakunieleza kwa maneno. Alinisimamisha mbele ya gari, akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta mara moja. Ile pua ikalala upande, ikarudi. Akakanyaga tena, ikalala tena, na boneti imetulia tuli. Injini kubwa ikipandishwa ghafla hujikunja kwenye mipira inayoishikilia, na pua hujikunja pamoja nayo kwa sababu inakaa juu ya injini. Ndiyo maana wenyewe wanaiita Shaker, kitu cha kutikisika. Tundu lake la mbele linapokea hewa ya nje, ambayo ina ubaridi kuliko hewa iliyofungiwa chini ya boneti, na kuipeleka kwenye kichujio.

Nikampigia baba pale pale. Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni. "Inafanya kazi, baba."

"Basi hapo kuna mtu alifikiri," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Kuanzia siku ile nikawa mtu wa Jumamosi. Wapo wazee wa viwandani, wapo vijana wa Kiarabu waliozaliwa hapa ambao babu zao walikuja kufanya kazi kwa Ford, wapo walimu, madereva wa malori, na mimi. Tunasimama, tunafungua maboneti, tunabishana. Nimejifunza mengi kwenye ubishi huo kuliko kwenye cheti chochote nilichopata, na kila niliposikia hoja mpya niliipitisha kwenye lile swali la baba.

Mach 1 ya 2003 na 2004 inapita. Mustang GT ya kawaida ya miaka hiyo ilikuwa na injini ya V8, yaani silinda nane, ya lita 4.6, vali mbili kwa kila silinda, nguvu za farasi 260. Mach 1 ilipewa injini yenye ujazo huo huo lakini bloku ya aluminiamu, kemshafti nne na vali 32, nguvu za farasi 305. Ikapewa diski za mbele za Brembo za inchi 13, shokapu za Tokico, springi zilizoishusha chini kidogo, na difu lenye uwiano wa 3.55 ili iondoke kwa haraka. Mistari myeusi ubavuni ni pambo, nakiri, na rimu zake ni kumbukumbu ya zile za zamani. Viti vya ngozi vilifumwa kwa mtindo wa 1969, navyo havikuongezi mwendo. Ila ukivua stika zote, ukang'oa nembo zote, bado unabaki na gari ambalo si GT.

Na hapa ndipo mashabiki wanapogawanyika. Mwaka ule ule wa 2003 Ford walitoa Cobra ya kitengo chao cha SVT, yenye supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa), bloku ya chuma, gia sita, magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kila moja, na nguvu za farasi 390. Wapenzi wa Cobra humtazama mwenye Mach 1 kama mtoto wa mke mdogo. "Mlipewa mabaki," mmoja aliniambia. Nimeendesha zote mbili, na sitadanganya: Cobra ni gari kali zaidi. Lakini Mach 1 inavuta hewa yake yenyewe. Inapanda taratibu hadi mshale ukikaribia elfu sita, na sauti inabadilika njiani, kutoka nzito kuwa kali, kama mpiga zumari anayebana pumzi. Nyuma ina ekseli moja nzima kama lori. Kwenye kona yenye mashimo utaisikia kiunoni; ukiondoka kwenye mstari ulionyooka, inatulia na kusukuma. Mwenye kutaka kushinda achukue Cobra. Mimi nilitaka kusikia injini ikifanya kazi bila msaidizi.

Kuna jambo jingine wanalosema kwa sauti ya chini: zile 305 ni chache kuliko zilizomo. Sababu yake ni ya 1999. Mwaka huo Cobra iliuzwa kwa kutangazwa nguvu za farasi 320, wenye magari wakapima, wakakuta pungufu. Ford wakasimamisha mauzo, wakayaita magari yarudi kurekebishwa, na mwaka 2000 Cobra ya kawaida haikutoka kabisa. Ndiyo maana wengi wa wenzangu wanaamini kwamba baada ya aibu ile kampuni ikawa inaandika kwa tahadhari. Naielewa imani hiyo. Mtu aliyeungua na uji hupuliza hata mtindi.

Wazee wa 1969 ndio wagumu kuliko wote. Kwao Mach 1 ni moja, ile ya kwanza, yenye injini ya Cobra Jet ya inchi za ujazo 428 iliyoandikwa nguvu za farasi 335, na zilizofuata zimeazima jina. Niliwasikiliza kwa heshima muda mrefu kabla sijathubutu kujibu. Siku nilipojibu nilitaja mambo mawili. La kwanza, si kila Mach 1 ya 1969 ilikuwa na 428. Ya kuanzia ilikuwa na injini ya 351 yenye nguvu za farasi 250, na namba za wakati huo zilipimwa injini ikiwa peke yake kwenye stendi, bila mizigo inayobeba ikiwa ndani ya gari. La pili, mwaka 1974 jina hilo hilo tukufu lilibandikwa kwenye Mustang II iliyokuwa na V6 ya lita 2.8, na mwaka huo hata ukitaka V8 hupewi. Hilo ndilo pambo. Gari la 2003 lilirudisha kazi chini ya jina. Wazee wawili walikaa kimya. Wa tatu alisema namba ni namba, lakini 1969 ndiyo iliyomfanya awe kijana. Hilo sikuwa na la kulijibu, na sikutaka kulijibu.

Niliamua kununua mwaka 2014, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo lingenigharimu akiba ya miaka mitatu.

Muuzaji alikuwa mtu binafsi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Gari la njano, pua iko, mistari iko, viti viko, hata kibao cha chini ya bampa ya mbele kipo. Nikafungua boneti na moyo ukaruka. Niliangalia rangi, kama kawaida yangu. Rangi ilikuwa safi. Nikawa tayari kutoa pesa. Yule mzee wa kiwandani, niliyemwomba anisindikize, akanigusa bega akaniambia nisome namba ya chasisi pale chini ya kioo cha mbele, nihesabu hadi herufi ya nane. Ilikuwa X. Mach 1 halisi inaanza 1FAFP42R. Hiyo R ya nane ndiyo injini ya vali 32. X ni injini ya GT. Mtu alikuwa amenunua pua, viti na stika, akavivalisha gari la kawaida. Nikarudi kutazama injini, na sasa macho yangu yakaona: vifuniko vya vali vilikuwa vyembamba, wakati injini ya kemshafti nne ina vifuniko vipana vinavyojaza nafasi yote mpaka unajiuliza mkono utapita wapi. Nilikuwa nimetazama gari zima kwa jicho la mpiga rangi.

Nilimshukuru muuzaji, tukaondoka. Njiani mzee hakunisema. Aliniambia tu kwamba kwenye mtambo wao magari yote yalipita njia moja, ya V6 yenye kukodishwa viwanja vya ndege na ya Mach 1, mikono ile ile ikiyafunga boliti, na kwamba ndiyo sababu mtu mwenye subira anaweza kuligeuza moja liwe jingine kwa sura.

Lile nililolinunua, mwaka 2015, ni bluu. Azure Blue, kama lile la kwenye picha ya kwanza. Gia za mkono, kwani otomatiki ya gia nne ilikuwepo na sikuitaka. Maili 9,000 tu. Kabla ya yote nililala chini yake.

Mtu wa Tanga anajua chumvi. Tumeona mabati ya mapaa yakiliwa na upepo wa bahari, tumeona milango ya daladala ikigeuka wavu. Sikutegemea kuikuta chumvi hapa, mbali na bahari yoyote, lakini chini ya jiji la Detroit kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 300 ardhini, na kila majira ya baridi barabara za Michigan humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Inaingia kwenye mikunjo ya chasisi, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye mabomba ya breki. Wanunuzi wengi hapa wanatazama juu. Mimi natazama chini na tochi, napapasa kwa kucha, nagonga kwa mpini wa bisibisi nisikilize. Bati zima hulia, lililooza hukohoa. Lile gari lililia mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa halijawahi kuona theluji.

Nilidhani basi, nimemaliza. Maili 9,000, chasisi safi, namba ya chasisi sahihi. Wiki ya pili, mvua ndogo, naingia barabara kuu kwenye ule mzunguko wa kupandia, gia ya pili, mguu mwepesi kabisa, nyuma ikaniacha. Gari liligeuka nusu duara likasimama kwenye majani, likitazama lilikotoka. Hakuna aliyekuwa nyuma yangu, Alhamdulillahi. Nilikaa na mikono kwenye usukani hadi ikaacha kutetemeka, nikashuka, nikachutama kwenye tairi la nyuma. Kashata zilikuwa nzima, kama mpya. Nikafuata ile alama ya mwaka wa kutengenezwa ubavuni mwa tairi: 4803. Wiki ya 48 ya mwaka 2003. Tairi za karibu miaka kumi na miwili, mpira umekauka ukawa kama mti. Nililipa zaidi kwa ajili ya maili chache, na maili hizo chache ndizo zilizotaka kuniua. Baadaye nilibadilisha mipira ya breki, mabomba ya maji, mafuta ya breki yaliyokuwa rangi ya chai ya rangi. Vyote havikutumika, na vyote vilikuwa vimekufa vikiwa vimesimama.

Kwa hiyo nina upande kwenye ubishi mkubwa kuliko wote wa Jumamosi, ule wa kuendesha au kuhifadhi. Wapo wanaoweka gari ndani ya banda lenye hewa ya kupimwa, plastiki za kiwandani bado kwenye viti, wakisubiri bei ipande. Siwachukii, bila wao tusingejua gari lilitokaje kiwandani, boliti ipi ilitiwa alama ya rangi gani. Lakini nikiliona gari la aina hiyo huwa nawaza mpira unavyopasuka gizani. Langu linatembea kila wiki kuanzia Aprili hadi chumvi ya kwanza imwagwe.

Na wapo wahesabuji. Kwa Ford kuna ripoti za Marti, zinazotolewa kutoka kumbukumbu za kiwanda chenyewe, na kwa ada yako utajua gari lako liliagizwa na nini na yalitoka mangapi kama hilo. Ni karatasi nzuri, ninayo. Mach 1 za 2003 zilitengenezwa 9,652, za 2004 zikawa 7,182. Ila nimeona watu wakikata idadi hiyo vipande: rangi hii, gia hizi, viti hivi, redio hii, hadi wanabaki na gari moja duniani. Ukikata hivyo, kila gari ni la pekee, hata la kukodisha. Mwaka 1969 Mach 1 ziliuzwa 72,458. Elfu sabini na mbili! Hakuna aliyeliita adimu, na bado ndilo wazee wale wanalolilia. Mimi nasema uchache unapandisha bei, basi. Haujawahi kufungua vali.

Kosa langu mwenyewe nililifanya 2016. Nilitaka sauti. Nikanunua ekzosi nyingine, kubwa, nikaifunga mwenyewe jioni mbili, na sailensa za kiwandani nikazipeleka kwenye chuma chakavu. Kwa mwezi mmoja nilifurahi. Baadaye nikagundua kwamba gari linaunguruma sauti moja tu, nene, kuanzia chini hadi juu, na ile safari ya sauti niliyoipenda tangu mwanzo imepotea. Kichwa kinauma baada ya nusu saa. Nilipomwambia baba alinyamaza kidogo.

"Hizo za zamani umeweka wapi?"

Nikamwambia.

"Wewe umekulia gerejini kwangu," akasema. "Ulishawahi kuniona natupa spea?"

Hakuwahi. Nyuma ya gereji yake kuna mapipa ya spea za Peugeot 504 ambazo magari yake yalishageuzwa nondo zamani. Anazipangusa. Sisi wa Afrika Mashariki tulilelewa kuliheshimu gari linalofika. Wazee wetu walisimama kando ya barabara za vumbi kuangalia Safari Rally, na baba mpaka leo anasimulia Escort ya Hannu Mikkola iliyoshinda 1972, Ford vilevile, dereva wa kwanza kutoka nje kuchukua ushindi huo. Wenzangu wa hapa walilelewa kwenye Woodward, barabara iliyonyooka kutoka Detroit hadi Pontiac, taa hadi taa, nani ataondoka kwanza. Nilichukua muda kukubali kwamba yote mawili ni mapenzi ya kweli ya gari. Ilinichukua miaka miwili kupata sailensa za kiwandani za Mach 1, na nilizipata kwa mtu aliyekuwa amezifunga kwa gunia na kuziweka juu ya dari tangu 2005. Sasa ekzosi ile kubwa ndiyo iliyofungwa kwa gunia. Sijaitupa.

Ford waliirudisha Mach 1 mwaka 2021, nguvu za farasi 480, gia za mkono sita zilizotoka kwenye Shelby GT350 na vipoza mafuta vya magari makubwa ya Shelby. Haikuwa na pua. Pale mkahawani ilikuwa msiba: wengine waliapa kwamba bila Shaker hiyo si Mach 1. Nilishangaa kujikuta upande wa pili. Kazi ilikuwepo, ndani, mahali ambapo haionekani. Nililikagua chini hadi juu na nikalipenda. Jina la gari la umeme la Ford, Mustang Mach-E, lililofanana nalo siku zile lilileta kelele nyingi zaidi, na hiyo kelele niliiachia wengine.

Agosti, Jumamosi ya tatu, Woodward hufurika magari ya zamani, desturi iliyoanza 1995. Mwaka niliporudishia sailensa niliegesha pale upande wa Ferndale alfajiri, kabla joto halijaanza, nikampigia baba kwa video. Huko ilikuwa mchana, vijana wake wa gerejini wakajaa nyuma ya bega lake, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua boneti tuone."

Nikaifungua. Boneti ikapanda na tundu lake tupu, na ile pua ikabaki chini, imekaa juu ya injini kama kofia iliyosahauliwa kichwani. Vijana wakapiga kelele. Mmoja akauliza imekuwaje isiinuke.

"Tulieni," baba akasema. "Imefungwa kwenye injini, haikufungwa kwenye bati. Haya, mwanangu, washa. Usikanyage mafuta. Iache ingurume yenyewe."

Niliwasha nikaweka simu karibu na matao. Wazee wa Jumamosi walikuwa wamesogea, hawaelewi lugha, lakini wameelewa kinachofanyika, na mmoja akazima redio yake. Baba aliinamisha sikio kwenye simu kule Tanga, kama anavyoinamisha kwenye kila injini iliyowahi kuletwa kwake, na akakaa hivyo muda mrefu.

"Nane zote zipo," akasema.